Chanjo ya homa ya ini B kwa mgonjwa wa figo: dozi maradufu, sindano kwa ratiba, na namba ya kuthibitisha

Mtu mzima mwenye figo nzima akimaliza dozi tatu za kawaida za chanjo ya homa ya ini B, uwezekano wa kupata kinga unapita asilimia 90. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine akipewa dozi zilezile, uwezekano huo hupungua sana, na anayepata kinga huanza kuishiwa nayo mapema. Kwa hiyo kadi yenye mihuri mitatu haitoshi kumwita mgonjwa wa figo "amechanjwa". Kinachomlinda ni kiwango cha kingamwili kilichopimwa kikatoka na namba.

Mwongozo huu ni wa wauguzi, matabibu na madaktari wa vitengo vya kusafisha damu. Mgonjwa au ndugu anayetaka kujua aulize nini naye atafaidika. Dozi zilizotajwa ni za watu wazima. Watoto wana hesabu yao, wasinakiliwe hizi.

Kwa nini mwili wa mgonjwa wa figo hauitiki

Chanjo hii haina kirusi. Ina kipande tu cha ganda lake, kile ambacho maabara hukiita HBsAg, kilichotengenezwa kwa hamira. Ili kipande hicho kizae kinga, seli za ulinzi zikimeze, zikionyeshe kwa seli T, nazo seli T ziziamshe seli B zitengeneze kingamwili. Figo zikishindwa, taka zinazobaki kwenye damu hulegeza mnyororo huo wote: seli za kuonyesha hazionyeshi vizuri, seli T zinachelewa kuamka, seli B zinakosa msukumo. Matokeo yake ni kingamwili kidogo zinazodumu muda mfupi.

Umri mkubwa, kisukari, unene uliokithiri, lishe duni yenye albumini ya chini, VVU na dawa za kushusha kinga huzidisha tatizo. Usafishaji usiotosha nao umo humo. Anayekuja mara mbili kwa wiki badala ya tatu, au anayekatisha saa nne kuwa mbili na nusu, anaipa chanjo mazingira magumu.

Na hatari yenyewe si ya kufikirika. Kirusi cha homa ya ini B kinaweza kubaki hai juu ya kitu kikavu kwa siku saba au zaidi, hata pale ambapo jicho halioni damu. Kitufe cha mashine, koleo, mkono wa kiti, trei ya dawa. Mlipuko wa ugonjwa huu wa mwaka 1969 na 1970 katika kitengo cha figo cha Edinburgh, Uskoti, uliua wagonjwa na wahudumu, na hayo yalikuja kuchangia desturi ya kuwatenga wenye kirusi kwa mashine na chumba.

Hatua ya kwanza: toa damu kabla ya sindano

Siku mgonjwa anapopokelewa, agiza vipimo vitatu kwa pamoja: HBsAg (ganda la kirusi), anti-HBs kwa namba (kingamwili za kinga, kwa mIU/mL), na anti-HBc ya jumla (alama ya kuwahi kukutana na kirusi chenyewe). Kipimo cha haraka cha kijistripu kinaonyesha HBsAg peke yake, tena kinaweza kukosa kirusi kilicho kidogo. Hakisemi lolote kuhusu kinga.

Soma majibu hivi:

– HBsAg ipo: mgonjwa ana maambukizi. Chanjo haitamsaidia. Anahitaji daktari, mashine yake na eneo lake, na muuguzi ambaye kwa zamu hiyo hahudumii wasio na kinga.
– HBsAg haipo, anti-HBs ni 10 au zaidi, anti-HBc ipo: aliwahi kuugua akapona. Hahitaji chanjo, lakini jambo hili liandikwe mbele kabisa ya faili, maana dawa za kupandikizwa figo zinaweza kumwamsha kirusi aliyelala.
– HBsAg haipo, anti-HBs ni 10 au zaidi, anti-HBc haipo: kinga ni ya chanjo. Huyu unamfuatilia kila mwaka.
– Zote hazipo: mchanje.
– anti-HBc ipo peke yake: rudia kipimo, na kama uwezo upo pima kirusi chenyewe, yaani HBV DNA. Kisipoonekana, mchukulie kama asiye na kinga na umchanje.

Majibu yakichelewa, si lazima kusubiri. Damu ikishatoka, dozi ya kwanza inaweza kuingia siku hiyohiyo, kwa sababu kumchanja mwenye kirusi au mwenye kinga hakumdhuru. Kosa ni kugeuza mpangilio. Chanjo yenyewe ni HBsAg, na kipimo kinaweza kuikuta kwenye damu kwa siku 18 hivi baada ya sindano, na kwa anayesafishwa damu muda zaidi ya huo. Ukichanja Jumatatu ukapima wiki inayofuata, unaweza kumtenga mtu mzima kabisa na kuitia familia yake hofu ya bure. Majibu ya aina hiyo yakitokea, angalia kwanza tarehe ya chanjo, kisha rudia.

Hatua ya pili: usingoje mashine

Wakati mzuri wa kuchanja ni kabla figo hazijafika mwisho. Mwongozo wa kimataifa wa KDIGO wa mwaka 2012 unataka watu wazima wenye uwezo wa figo chini ya 30 kwa kipimo cha eGFR, na ambao ugonjwa unaelekea kusonga mbele, wachanjwe na mwitikio wao upimwe. Hapo kliniki za kisukari na shinikizo la damu ndizo zenye nafasi, kuliko kitengo cha mashine. Mgonjwa anayeletwa kwa gari la wagonjwa, katheta (mrija wa kusafishia damu) ikawekwa shingoni usiku huohuo, tayari amepoteza dirisha lake bora.

Watu wazima wengi wa kwetu hawakuchanjwa utotoni. Chanjo hii iliingia katika ratiba ya watoto Kenya na Tanzania mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mzee wa miaka 55 akikwambia "mimi nilichanjwa zote nikiwa mdogo", anasema kweli, ila hii haikuwamo.

Hatua ya tatu: dozi

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Kichupa cha mtu mzima kinachopatikana zaidi kina mikrogramu 20 katika mililita 1. Kwa mgonjwa anayesafishwa damu, dozi ni mikrogramu 40, yaani vichupa viwili kila mara. Kwa chanjo kama Engerix-B ratiba ni dozi nne: mwezi 0, 1, 2 na 6. Jumla vichupa vinane. Famasi ikitoa vinne, mgonjwa atapata nusu ya dawa na kadi iliyojaa, kisha miezi minane baadaye ataambiwa mwili wake haukuitika, wakati ambao haukuitika ni oda ya famasi.

Zipo pia chanjo zilizotengenezwa kwa ajili ya figo. Recombivax HB ya wagonjwa wa dayalisisi, yaani wanaosafishwa damu, ina mikrogramu 40 katika mililita 1 na hutolewa mara tatu: mwezi 0, 1 na 6. Fendrix ina mikrogramu 20 tu, lakini ina kiamsha kinga chenye nguvu zaidi, na hutolewa mara nne: 0, 1, 2 na 6. Usichanganye ratiba ya moja na kichupa cha nyingine. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi, hata kama umeisoma mwaka jana.

Miezi huhesabiwa kutoka dozi ya kwanza. Kwa ratiba ya dozi nne, aliyeanza tarehe 5 Januari atarudi 5 Februari, 5 Machi na 5 Julai. Wengine husoma "6" wakadhani ni miezi sita baada ya dozi ya tatu, wakamwita mgonjwa Septemba. Andika tarehe zote nne kwenye kadi na kwenye ubao wa kitengo siku ya kwanza. Isogeze kila tarehe iangukie siku yake ya mashine. Siku mbili tatu za mbele hazina neno.

Akikosa dozi, usianze upya. Endelea pale alipoishia, mapema inavyowezekana. Kinachoharibu ni kufupisha nafasi kati ya dozi.

Hatua ya nne: kichupa na jokofu

Chanjo hii hukaa nyuzi joto 2 hadi 8. Watu wengi huogopa joto, ila adui mkubwa ni barafu. Ina chumvi ya aluminiamu, na ikiganda chembe zake hushikana, haziachani tena. Kichupa kilichobanwa kwenye ukuta wa nyuma wa jokofu au kilichowekwa moja kwa moja juu ya pakiti ya barafu kwenye kibebeo kinaweza kufa bila kubadilika rangi.

Ukiwa na shaka, fanya jaribio la kutikisa. Chukua kichupa kimoja cha aina na bachi ileile, kigandishe makusudi usiku kucha, kiyeyushe, kisha kiweke alama ili kisije kikamfikia mgonjwa. Shika hicho na kile unachokitilia shaka kwa mkono mmoja, vitikise pamoja, viweke mezani penye mwanga. Kilichoganda kitaanza kutulia: juu maji maangavu, chini mashapo kama ya uji uliopoa. Kizima kitabaki na ukungu sawa kutoka juu hadi chini kwa muda mrefu. Chako kikitulia kwa kasi ileile ya kilichogandishwa, kitupe.

Mlango wa jokofu si mahali pa chanjo, na jokofu la chanjo si la soda.

Hatua ya tano: kuchoma

Mahali ni msuli wa bega. Tako lina mafuta mengi, chanjo huishia kwenye mafuta na mwitikio hupungua. Sindano ya homa ya ini B iliyochomwa takoni haihesabiwi. Kwa mtu wa umbo la kawaida tumia sindano ya milimita 25. Kwa mnene sana, milimita 38.

Kabla ya kushika bomba, uliza na uangalie mkono wenye fistula, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji kwa ajili ya mashine. Huo hauchomwi. Vivyo hivyo mkono unaotunzwa kwa ajili ya fistula ijayo, ukiweza kuuepuka.

Tikisa kila kichupa hadi kimiminika kiwe cheupe kama maji ya mchele. Chembe za chanjo hukaa chini, na asiyetikisa humpa mgonjwa maji na kuacha dawa kwenye kioo. Vichupa viwili ni mililita 2. Bega nene hupokea kwa sindano moja, lakini kwa mgonjwa aliyekonda ni bora kugawa mililita 1 na mililita 1. Mkono mmoja tu ukiwa huru, choma mara mbili kwenye bega hilohilo, sehemu ziachane kwa sentimita 2.5 au zaidi. Paja la mbele upande wa nje nalo linafaa.

Choma kabla ya kumuunganisha na mashine, kabla heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, haijaingia. Tumia sindano nyembamba, ya namba 23 au zaidi, kisha bonyeza kwa pamba dakika mbili bila kusugua. Anayechomwa akishuka kwenye kiti, heparini ingali mwilini, mara nyingi hurudi na bega la bluu, na dozi inayofuata ataikwepa.

Mwangalie kwa dakika 15. Maumivu ya bega na homa ndogo ni ya kawaida. Mzio mkali ni nadra, lakini adrenalini iwe karibu. Aliyewahi kupata mzio mkali wa hamira au wa dozi iliyotangulia asichomwe.

Andika tarehe, jina la chanjo, namba ya bachi, mikrogramu na mkono. Neno "mikrogramu" lisikosekane. Kadi iliyoandikwa "Hep B, dozi ya 2" haimwambii daktari wa hospitali nyingine kama ilikuwa 20 au 40.

Hatua ya sita: namba

Mwezi mmoja hadi miwili baada ya dozi ya mwisho, pima anti-HBs. Kwa aliyechomwa 5 Julai, ni kati ya 5 Agosti na 5 Septemba. Ukipima mapema, kinga haijafika kileleni. Ukichelewa miezi minane, utakuta chini ya 10 na hutajua kama hakuitika kabisa au aliitika kikashuka, na hizo ni hali mbili zenye njia tofauti. Damu itolewe kabla ya mashine. Kama aliongezewa damu au immunoglobulini (kingamwili zilizotolewa kwenye damu ya wengine) hivi karibuni, kingamwili zinaweza kuwa za mtu mwingine, kwa hiyo subiri au soma majibu kwa tahadhari.

Idai namba. Maabara zingine huandika "anti-HBs: positive" zikafunga bahasha. Jibu hilo halikuonyeshi kama yuko 11 au 800, na zaidi ya hapo linatisha: ndugu akiona neno hilo karibu na "homa ya ini" anaamini mgonjwa ameambukizwa. Inafaa muuguzi aseme wazi: "Mama, hii si ya ugonjwa, ni ya kinga. Chanjo imefanya kazi. Ugonjwa ungeonekana kwenye kipimo kile kingine, na kile ni safi."

Chini ya 10 mIU/mL: hana kinga. 10 hadi 100: kinga ipo, lakini ni nyembamba na kwa mgonjwa wa figo hushuka haraka, hivyo kipimo cha mwaka kisisahauliwe. Zaidi ya 100: mwitikio mzuri.

Asiyeitika

Kabla ya kulaumu mwili, kagua kazi. Alipewa 40 au 20? Begani au takoni? Jokofu liliwahi kuganda? Tarehe ya kipimo ilikuwa sahihi? HBsAg ilipimwa mwanzoni? Mtu mwenye kirusi hatatoa anti-HBs hata umchanje mara kumi.

Kama kila kitu kilikuwa sawa, rudia mfululizo mzima wa 40, kisha pima tena baada ya mwezi mmoja hadi miwili. Wapo wengi wanaoitika duru hii ya pili. Wakati huohuo shughulikia vinavyorekebishika: saa za mashine, protini kwenye sahani, sukari.

Akibaki chini ya 10 baada ya duru mbili, mchukulie kama mtu asiye na kinga siku zote na mpime HBsAg kila mwezi. Madaktari wa figo wana njia nyingine ya kujaribu, kuchoma ndani ya ngozi: mikrogramu 5 kila wiki, hadi wiki 8. Imewafaa baadhi ya waliogoma kwa njia ya msuli. Ila kwa kichupa cha kawaida hiyo ni mililita 0.25, nyingi kwa uvimbe mmoja wa ngozi, kwa hiyo hugawanywa sehemu mbili au tatu, na anayechoma awe na mkono uliozoea. Si njia ya kujifunzia kwenye kitengo bila daktari.

Kila mwaka

Mwenye kinga ya chanjo apimwe anti-HBs kila baada ya miezi 12. Ikishuka chini ya 10, mpe dozi moja ya nyongeza, mikrogramu 40, na uendelee kumpima kila mwaka. Mtu mwenye figo nzima hahitaji haya, kwa sababu kumbukumbu ya seli zake humlinda hata kingamwili zikipungua. Kwa anayesafishwa damu kumbukumbu hiyo haitegemewi. Njia nyepesi ni kuchagua mwezi mmoja wa kitengo kizima, tuseme Machi, na kupima wote kwa siku mbili. Kumfuata kila mtu kwa tarehe yake, wengine watadondoka.

Anayetarajia kupandikizwa figo amalize chanjo kabla. Dawa za baada ya upasuaji zitapunguza zaidi mwitikio ambao tayari ni hafifu.

Damu ikimgusa asiye na kinga

Akikutana na damu ya mwenye kirusi, kwa mfano mirija ikichanganywa au dawa ikichotwa kwa bomba lililotumika, asiyeitika duru mbili anahitaji immunoglobulini ya homa ya ini B, mililita 0.06 kwa kila kilo ya uzito, mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 24, na ya pili baada ya mwezi. Kwa mtu wa kilo 60 ni mililita 3.6 kila mara. Dawa hii ni ghali na mara nyingi haipo rafu za karibu, kwa hiyo jua leo inapatikana wapi. Aliyekuwa katikati ya ratiba apate immunoglobulini mara moja na chanjo iliyobaki, sehemu tofauti ya mwili.

Chanjo haiondoi kanuni za chumba. Heparini ya vichupa vya dozi nyingi itayarishwe nje ya eneo la wagonjwa, glovu zibadilishwe kati ya kiti na kiti, na kiti na mashine vifutwe kwa dawa ya klorini kila mgonjwa anaposhuka, hata kama wote waliokaa hapo siku hiyo wana namba ya 500.